Milimita Zinazoamua Sauti ya Gitaa

Katika vifaa vyote vya mpiga gitaa, piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, ndiyo yenye bei ndogo kuliko vyote na ndiyo inayopotea upesi kuliko vyote, na kwa sababu hizo mbili haina heshima. Mtu atazunguka Kariakoo nzima akitafuta gitaa, atabishana na fundi juu ya nyuzi zilivyoinuka, atakopa ili apate amplifaya. Piki ataokota. Ataomba ya mwenzake muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, na ikimponyoka wimbo ukiwa katikati atamalizia kwa kucha.

Wapo wachache wasiofanya hivyo. Hao huwa na kikopo kidogo, au pochi ya sarafu, au mfuko wa shati wenye kifungo, na ndani yake mna piki zinazofanana, za unene mmoja, zilizoliwa upande mmoja. Ukimwomba mmoja wao akuazime, anasita kwanza. Usimdhanie uchoyo. Ana kazi aliyoifanya ya kuichagua, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, maana wanaoiona ni wachache na haijawahi kuandikwa kwenye jalada la santuri.

Tuanze na kinachotokea uzi unapopigwa. Piki huusukuma uzi kando. Uzi hukaza, hukataa, halafu huponyoka. Noti huzaliwa pale uzi unapoponyoka. Kama piki ni nyembamba, yenyewe hupinda kwanza, uzi huondoka baadaye, kisha piki hurejea ilipokuwa kwa mlio mdogo wa "chap" unaosikika juu ya noti. Kama ni nene, kinachopinda ni uzi peke yake. Ule mlio hupungua, noti hutoka ikiwa nzima, na mkono hujua kwa hakika uzi uliondoka lini. Mabishano karibu yote ya wapiga gitaa kuhusu piki yanaanzia kwenye kitendo hicho kimoja, kinachokwisha kabla hujapepesa jicho.

Unene hupimwa kwa milimita, na namba zake ni za hila. Aonaye 0.5 na 1.0 hudhani ya pili ni ngumu mara mbili. Lakini ugumu wa kipande bapa kinapopindwa hukua kwa kuuzidisha unene kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo piki ya milimita 1.0 ni ngumu mara nane kuliko ya 0.5 iliyokatwa kwenye plastiki ileile. Hata hatua ndogo ya kutoka 0.73 hadi 0.88 huongeza ugumu kwa karibu robo tatu. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha piki hizo mbili zikiwa mezani. Mkononi, mpigaji aliyezoea hahitaji kumaliza hata mzunguko mmoja wa wimbo. Basi ukimwona mtu anairudisha ya 0.88 na kusema yeye ni wa 0.73, usimcheke kwamba anajifanya.

Wauzaji huita nyembamba ile iliyo chini ya 0.6 hivi, ya wastani ile inayokaribia 0.8, na nene kuanzia hapo kwenda juu. Hapa kuna jambo la kufurahisha. Kadi ya benki, kwa kiwango cha kimataifa, ina unene wa milimita 0.76. Ndiyo maana piki iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kadi iliyokwisha muda wake, ujanja unaojulikana kila penye gitaa na pasipo duka la muziki, hupiga vizuri kuliko mtu anavyoitegemea. Aliyeikata amepata piki ya wastani bila kushika kipimo. Kasoro iko kwenye plastiki yenyewe, ambayo ni laini mno kwa nyuzi za chuma. Ncha huliwa upesi, ikaanza kukwaruza badala ya kupiga.

Nani sasa achukue ipi? Kanuni ya dukani inajulikana: wa rithim achukue nyembamba, wa solo achukue nene. Ina mantiki yake. Mtu anayekokota nyuzi zote sita kwa pamoja, chini na juu, akiimba juu yake, anahitaji piki inayokubali. Ikiwa ngumu, kila uzi unampinga kwa zamu yake na kifundo cha mkono kinachoka kabla ya ubeti wa pili; ikiwa laini, nyuzi hulia karibu kwa wakati mmoja na ule mlio wa chap huwa kama kayamba ndogo ndani ya gitaa. Kwa anayepiga gitaa kavu kanisani au kwenye kambi ya vijana, kanuni hiyo inatosha.

Ila kanuni hiyo ilitungwa na watu ambao kwao rithim maana yake ni kukokota. Nenda kasikilize bendi za dansi za Dar es Salaam na Nairobi za miaka ya sabini na themanini. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, na uache sauti za waimbaji zipite, masikio yako yabaki kwa gitaa la rithim la Omar Shabani. Halikokoti kitu. Ni noti fupi zilizochambuliwa, kila moja na mahali pake, zinazorudi palepale kwa uzito uleule, na gitaa la solo linapita juu yake bila kuligonga. Hiyo ni kazi ya mshona kofia: tundu moja likipishana na mengine, jicho linaliona kabla ya kuiona kofia. Piki nyembamba kupita kiasi haiwezi kazi hiyo, kwa sababu huachia uzi kwa kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe hakulingani kila mara. Piki nene kupita kiasi nayo huipa kila noti kifua kikubwa, rithim ikaanza kugombea nafasi na solo. Mahali pake ni katikati, na katikati hapo ni padogo sana. Kwangu mimi, anayestahili sifa ya kwanza katika uchaguzi wa piki ni mpiga rithim wa dansi, ingawa watazamaji wote wanamwangalia mwenzake.

Wa solo mambo yake ni tofauti. Katika sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa huchukua nafasi ya waimbaji, mkono wa kushoto umepanda juu ya shingo ya gitaa, unacheza nyuzi mbilimbili, na mkono wa kulia lazima upige kushuka na kupanda kwa kasi isiyotoa nafasi ya kusubiri. Piki inayopinda bado haijarejea wakati noti inayofuata inadai. Wengi wa aina hii huishika piki karibu kabisa na ncha, inayotokeza nje ya vidole ni kidogo tu, na wapo wanaopendelea zile ndogo zenye ncha kali, kama Jazz III ya kampuni ya Dunlop yenye milimita 1.38. Tazama pia kwamba kuishika piki karibu na ncha ni kuifanya iwe ngumu zaidi. Mpigaji mwenye piki moja ya wastani anaweza kupata ugumu tofauti ndani ya wimbo mmoja kwa kuirudisha nyuma au kuisogeza mbele kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikaa karibu na jukwaa utaliona: ubeti unapokwisha na sebene ikaribie, gumba husogea kidogo.

Ncha nayo ina maneno yake. Ncha kali hutoa sauti yenye makali. Ncha ya mviringo huigusa sehemu kubwa zaidi ya uzi na kuondoa ukali. Wapo wanaoigeuza piki na kupiga kwa bega lake, yaani ile pembe butu ya juu, ili gitaa la umeme lisikwaruze masikio. Pembe ambayo piki huukabili uzi ina uzito kuliko umbo. Ikienda bapa sambamba na uzi, hupiga kwa nguvu na kukwama. Ikiinamishwa kidogo huteleza na kupita, lakini kwenye nyuzi za besi, zile zilizozungushiwa waya, huanza kukwaruza kama kucha juu ya zipu. Hapo mpigaji anachagua kati ya kasi na usafi, na hakuna atakayemchagulia.

Ndiyo sababu napenda kutazama piki zilizotumika. Iliyoliwa upande mmoja kwa mshazari ni ya mtu anayeinamisha piki, na mshazari huo ndio pembe halisi ya mkono wake. Iliyoliwa sawasawa pande zote mbili ni ya anayeigeuza-geuza. Iliyopasuka katikati ilikuwa nyembamba kuliko nguvu ya mwenyewe. Kuna wapigaji ambao, wakipata piki mpya, huisugua kwanza kwenye msasa laini au tupa ya kucha hadi ikae mshazari ule waliouzoea, ili isiwalazimu kuivunja ukali jukwaani.

Hata kutoshika piki kabisa ni uchaguzi. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Ndivyo walivyopiga pia wakali wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, George Mukabi akiwa mbele yao. Gumba lilibeba besi, kidole cha pili kikabeba sauti ya wimbo, na mtu mmoja mwenye gitaa kavu akawa bendi kamili. Piki haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Naamini bendi kubwa ndizo zilizowapa wengi nafasi ya kuishika: gitaa la besi lilipopata mwenyewe, gumba liliondolewa mzigo, na mkono mzima ukawa huru kufanya kazi moja. Wes Montgomery wa Indianapolis hakulijali hilo. Alikuwa na mpiga besi, na bado aliipiga jazi yake yote kwa gumba, akapata sauti nene yenye ulaini ambao wenye piki wanautafuta hadi leo.

Kucha ni keratini. Gamba la ng'amba, yule kasa wa magamba kumi na matatu mgongoni yanayopandana, nalo ni keratini. Hapo ndipo ilipo siri ya piki za zamani zilizosifiwa kuliko zote: zilikuwa ngumu bila kuwa za jiwe, ziliuachia uzi kwa ulaini kama kucha, na zilizoanza kuliwa zilisuguliwa zikawa mpya. Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyebaki na vidole viwili vyenye nguvu mkono wa kushoto baada ya moto wa mwaka 1928, anatajwa kuwa miongoni mwa waliotumia piki nene ya gamba hilo. Gitaa lake halikuwa na umeme na lilipaswa kusikika juu ya fidla. Wanaomfuata leo hushika piki za milimita tatu na zaidi. Gamba lenyewe ni bidhaa ya kale ya pwani yetu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, kinalitaja pamoja na pembe za ndovu kati ya vitu vilivyotoka Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii. Miaka elfu mbili ya biashara hiyo imemfikisha ng'amba ukingoni mwa kutoweka, na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini mwaka 1973, umeifunga. Piki ya gamba halisi haina tena njia halali ya kufika kwako kutoka nje.

Kilichochukua nafasi ya gamba kilijaribu kuliiga hata kwa rangi. Mwaka 1922 Luigi D'Andrea wa New York alianza kukata piki za seluloidi, zenye madoa ya kahawia na njano kama gamba, na umbo lake namba 351, pembetatu yenye mabega ya mviringo, ndilo ambalo karibu kila mtu analiona akifikiria piki. Seluloidi hutokana na nyuzinyuzi za mimea zilizotiwa asidi na kuchanganywa na kafuri. Ina sauti yenye uhai, na inashika moto upesi mno, kwa hiyo usiiache karibu na jiko. Mwaka 1981 kampuni ya Jim Dunlop, Mskochi aliyehamia California, ilitoa Tortex, ya plastiki ngumu yenye uso mkavu kama uliopakwa poda. Uzuri wake wa pili ni rangi: chungwa ni 0.60, njano ni 0.73, kijani ni 0.88, buluu ni 1.0. Mpigaji anaweza kutaja rangi tu, mwenzake akaelewa unene.

Ule uso mkavu una maana kubwa zaidi kwetu kuliko kwa waliouvumbua. Ukumbi wa Dar es Salaam au Mombasa usiku wa mwezi Machi unatoa jasho hadi ukutani. Piki laini inayong'aa huzunguka kati ya vidole, na mpigaji akianza kuibana ili isidondoke, bega linakaza, kasi inakufa. Wengine huichora mikwaruzo kwa kisu, wengine huitoboa tundu katikati ili ngozi ya gumba ipate pa kuingia. Nailoni ina tatizo jingine la pwani: hunywa unyevu wa hewa na kuzidi kulainika. Piki ya nailoni iliyokufaa Nairobi huenda ukaiona ni nyingine ukiishusha Tanga. Jambo hilo huwezi kulikuta kwenye pakiti.

Wapiga udi wa Unguja na Lamu walikuwa na elimu hii kabla ya gitaa kutia mguu pwani. Risha, yaani piki ya udi, ni ndefu, hupita katikati ya kiganja na kutokeza mbele ya vidole, nyembamba na yenye kurudi. Zamani ilikuwa unyoya wa ndege mkubwa au pembe iliyochongwa. Siku hizi nyingi ni za plastiki. Urefu ule unampa mpigaji uwezo wa kutetemesha noti moja, kushuka na kupanda, bila kifundo cha mkono kukazana, na nyuzi za udi zilizokaa jozi jozi zinaitikia pamoja. Msikilize Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyeishi Mombasa, katika sehemu za mwanzo za nyimbo zake kabla ya kuimba, uone jinsi kila pigo linavyopimwa. Mpiga gitaa aliyelelewa kwenye taarabu akishika piki ya kawaida mara nyingi huilalamikia kuwa fupi, na ana haki.

Kuna waliokwenda upande wa pili kabisa. Brian May wa Queen, bendi ambayo mwimbaji wake alikuwa mzaliwa wa Unguja, Freddie Mercury, hupiga kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita. Sarafu haipindi hata kidogo, kwa hiyo kila kitu kinachotokea kwenye uzi kinafika kwenye vidole vyake, na kingo zake zenye meno huongeza mkwaruzo mwanzoni mwa noti. Wengi wamejaribu kumwiga wakaishia kula nyuzi zao. Yeye huishika kwa wepesi. Hapo ndipo wanapokosea.

Anayetaka kuchagua leo hahitaji pesa nyingi. Nunua piki tatu za aina moja na plastiki moja, za unene tofauti, mathalani 0.60, 0.73 na 0.88, ili unachopima kiwe unene peke yake. Chukua wimbo unaoupiga bila kufikiri. Upige mzima kwa kila piki, amplifaya ikiwa chini, na usisikilize sauti kwanza, sikiliza mkono. Mahali mkono unapokaza ndipo piki inapokataa. Ukimaliza, mpe mtu mwingine akae mbali akusikilize, kwa kuwa ule mlio wa chap husikika zaidi kwako uliyeinama juu ya gitaa kuliko kwa aliyeketi mbali. Unene ukishapatikana, ndipo ubadilishe plastiki, kisha ncha. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichokusaidia. Na ukiongeza ukubwa wa nyuzi, kutoka namba tisa kwenda namba kumi, rudia jaribio: uzi mzito hupindisha piki iliyokuwa inakutosha.

Kwa anayeanza, na hasa anayetaka kupiga rithim ya dansi na si kukokota, ushauri wangu ni njano, 0.73, ishikwe ncha ikitokeza kidogo. Akiipata inayomfaa anunue kadhaa za namna hiyo hiyo kabla duka halijaishiwa.